Matone Yaliyokubaliana na Kosa Langu

Jumapili, Musoma. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa ziwani umelala, na mimi nina shaka na kila kitu, hata na chai aliyonimiminia mama.

Nianzie jana, maana leo bila jana haieleweki.

Jana mchana mama alikuwa anakaanga sato. Nikamwona anamimina mafuta ya pamba kutoka kwenye dumu, yale yanayokamuliwa Bunda. Yalishuka polepole, mazito, hayana haraka na mtu. Nikakaa nayatazama, kisha moyo ukanilipuka. Mafuta ya kwenye kompyuta yangu hayashuki hivyo. Yangu yanakimbia.

Kwa asiyejua ninachofanya: mwaka mzima nimekuwa nikiiga kwenye kompyuta jinsi matone yanavyojitengeneza ndani ya mifereji myembamba kama unywele. Mfereji mmoja unapitisha mafuta, mwingine unaingiza maji kutoka ubavuni, na mafuta yakipita yanayakata yale maji tone baada ya tone, yote ya ukubwa mmoja. Kila tone linakuwa kichupa cha kupimia. Tunataka kutengeneza kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, mtu wa kisiwa cha Rukuba apimie maji yake ya kunywa hukohuko bila kuyaleta mjini.

Mimi napiga hesabu hapa nyumbani. Magesa, mwenzangu wa darasani, kijana wa Nyamuswa, yuko maabara chuoni anapima matone yenyewe kwenye kipande cha majaribio. Jumatano tunasimama mbele ya mwalimu wetu na jopo kuitetea kazi hii.

Nikamwacha sato kwenye sahani, nikafungua faili. Kwenye mnato wa mafuta, yaani ile namba inayosema ni mazito kiasi gani, nukta ilikuwa imekaa pabaya. Nilikuwa nimeyafanya mepesi mara kumi. Kompyuta haikunung'unika. Ukiiambia uongo, inaupigia hesabu vizuri tu.

Nikarekebisha, nikaiacha ipige hesabu upya usiku kucha. Leo asubuhi jibu limetoka: matone ni madogo, karibu nusu ya yale ya mwanzo.

Kukosea siyo kitu kigeni kwangu. Kilichonitia baridi ni kwamba vipimo vya Magesa, vya maabara, vya matone ya kweli, vilikuwa vinaingia sawasawa kwenye mstari wa grafu yangu ya zamani. Ule wenye kosa.

Matone ya kweli yalijuaje kosa langu?

Nikaanza kufukua ujumbe wetu wa simu tangu mwanzo. Kila mara ameandika, "Nitumie grafu yako kwanza dada, nijue pa kuanzia kupima." Kila mara nimetuma. Picha za kile kipande kikiwa kazini ni mbili tu, zimepishana miezi, na leo nimeona kwamba zote zina kikombe kilekile pembeni, na chai imefika kiasi kilekile.

Mama aliponiona sijavaa nguo za kanisani akauliza kulikoni. Nikamwambia nadhani Magesa ananidanganya.

"Magesa huyuhuyu? Si alikuwaga anakula hapa kama mtoto wangu? Baba yako nani alimbeba?"

Ni kweli. Alilibeba jeneza la baba, upande wa mbele kushoto. Ndiyo maana nilitaka sana niwe nimekosea mara ya pili.

Saa tano nikafanya jambo ambalo silionei fahari. Nilichora grafu ya uongo. Niligeuza mstari: mafuta yakisukumwa kwa kasi zaidi, matone yanakua. Ukweli ni kinyume, kasi ikizidi matone yanakatwa madogo, na mtu aliyewahi kuyaona yakikatwa hata dakika moja angenipigia simu kunicheka. Nikamtumia na kuandika kwamba nimebadilisha kitu kidogo, aangalie kama vipimo vyake bado vinakubali.

Nikaiweka simu kifudifudi. Nikaigeuza. Nikaiweka tena.

Saa nane akajibu. "Safi sana dada. Kuna vipimo vya wiki iliyopita nilikuwa sijakutumia, vinaingia humohumo." Na jedwali chini yake.

Nikampigia.

"Magesa, hicho kipande umeshakiona kinatoa tone?"

Nyuma yake nilisikia ng'ombe. Kumbe hata chuoni hayupo, yuko kwao Nyamuswa.

"Kinavuja dada. Tangu siku ya kwanza kinavujaga kwenye maungio. Niliogopa kusema."

"Mwaka mzima?"

"Kila nikikutumia namba ulikuwaga unafurahi sana. Hukuwahi kuniuliza hata siku moja."

Akaniomba nisimwambie mwalimu mpaka Jumatano ipite. Akaanza kulia. Nami nikakaa namsikiliza, napima kilio chake kama ni cha kweli. Nimejichukia kwa hilo kuliko kwa ile nukta.

Maana hasemi uongo, sikuwahi kumuuliza. Namba zake zilipokubaliana na zangu, nilikuwa nafunga kompyuta na kwenda kulala kwa amani. Mimi ninayemshuku muuza dagaa, konda na hali ya hewa, sikumshuku mtu pekee aliyekuwa ananisifia. Na mwisho wa mstari huo kuna mama wa Rukuba anayeambiwa maji yake ni salama.

Kesho asubuhi namwandikia mwalimu. Nitaanza na nukta yangu, kisha grafu yangu ya uongo, ndipo nifike kwa Magesa. Nimemwambia Magesa hivyo kwa ujumbe, ili naye aandike wa kwake kabla. Ameusoma. Hajajibu.

Jumatano tutasimama bila kitu, kama tutasimama.

Nje uani bomba letu linavuja kwenye ndoo, na mama ananiita nikalikaze. Nimetoka, nimechuchumaa mbele ya bomba, nikaangalia maji yanavyovimba mdomoni, yanavyonyooka shingo, yanavyokatika. Mwaka mzima nimehesabu matone, na hili ndilo la kwanza kuliona.