Fundo Kwenye Kiatu cha Daktari

Nyinyi wote wa nyumba hii,

Tizón asipewe chochote mpaka jioni, ila maji kidogo kidogo. Dawa yake iko juu ya friji. Baadaye wali mlaini na kuku wa kuchemsha, bila chumvi, na bila huruma zenu!

Asubuhi nimemwapia daktari wa mifugo kwa Bikira Maria kwamba mbwa huyu hagusi kingine. Sijafunga mdomo, Tizón akamtapikia kiatuni: jani la mgomba, zabibu kavu, na kamba ya hayaka yenye fundo, ile ya kufungia unga na nyama ndani ya jani. Fundo lako, Evaristo! Nani mwingine hapa anafunga hayaka kama mzigo wa punda? Kumbe ndiyo maana kila akipona anaharisha upya. Kamba ile ingemkata utumbo. Na jana ukanikazia macho: “Labda kala majani, mke wangu.” Majani kweli!

Mama mkwe, baraka zako naomba, ila usicheke. Zabibu ulimpa wewe.

~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi hasira zikiniisha.

Hayaka zote nimewagawia majirani. Chakula chenu cha mkesha wa Krismasi kiko kwenye sufuria kubwa: wali mlaini na kuku wa kuchemsha, bila chumvi. Kuleni pamoja na Tizón.

Mama