Gia Kumi za Baba Yako

Los Curos, Tuta,
Boyacá, Kolombia.
14 Septemba 2019

Mpendwa mwanangu Yamid,

Pokea salamu tele kutoka kwa shangazi yako. U hali gani huko Hispania? Kile kifua kimeacha kukubana, au bado unatoka asubuhi bila skafu? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, nao nimeshauzoea. Baba yako pia ni mzima. Goti lake ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamkasirikia mtu.

Zile gia ulizotuma zilifika mwezi Mei, salama kabisa. Baba yako alizitandaza mezani siku mbili, tukawa tunakula supu tumeshika bakuli mkononi. Hata dereva wa lori la maziwa aliitwa ndani kuja kuziona. Unajua mwenyewe zilivyokuwa zinasubiriwa. Tangu ng'ombe ampige teke la goti, gia zake za zamani zilimshinda mlimani, na daktari alimkataza kabisa kupanda kwa miguu. Bila baiskeli hafiki malishoni kukamua.

Sasa ukweli ni kwamba hazikufanya kazi. Ulinunua vitu bora, hilo hakuna anayelibisha. Lakini kibadilisha gia chake cha kwenye usukani kina vituo vinane, na friwili uliyotuma, ile ya meno ya gurudumu la nyuma, ina gia kumi. Akibofya, cheni inasimama katikati ya gia mbili, kisha inaruka, pedali inazama tupu na goti linapata mshtuko. Rubiela, yule fundi wa karibu na kanisa, alimwambia siku ile ile achague: arudishe za zamani, au akuambie utume kibadilishio kinacholingana na friwili mpya. Baba yako akakataa yote mawili.

Kila Jumapili ulipopiga simu alikwambia baiskeli inapanda kama mbuzi, nawe ukacheka. Kumbe akifika kwenye kona ya mikalitusi, ambako tukiwa mlangoni hatuwezi kumwona, alikuwa anashuka na kuisukuma. Mimi niliambiwa na dereva wa lori, mwezi Agosti, aliponiuliza kwa nini maziwa yetu yanachelewa. Mara mbili lori lilikuwa limekwisha ondoka, maziwa tukawapa nguruwe.

Tarehe mbili mwezi huu nikarudi kutoka misa, nikamkuta mchuuzi wa ng'ombe kutoka Paipa ameketi jikoni kwangu. Baba yako alikuwa anawauza wote wawili. Nilimwambia yule bwana amalize kinywaji chake na aende zake. Kisha nikamgeukia kaka yangu.

"Eliécer, unauza ng'ombe ili mtoto asijue amenunua gia zisizolingana?"

"Dada, wewe hukuisikia sauti yake nilipomwambia zimenifaa," akasema. "Mwache hivyo hivyo."

Nililia, mwanangu, sikufichi. Na hasira nilikuwa nazo pia.

Kesho yake nikaikokota ile baiskeli mwenyewe hadi kwa Rubiela, nikamwambia atafute njia, ila asiguse hata kimoja ulichotuma wewe. Akanung'unika weee. Mwishowe akatoa kwenye boksi lake kibadilishio cha zamani, kile cha enzi za waendesha baiskeli wa mashindano wa ujana wetu, kinachofungwa kwenye bomba la chini la fremu. Hakina vituo hata kimoja. Unakisukuma pole pole huku umetega sikio, mpaka cheni itulie.

"Hiki hakijui kuhesabu," Rubiela akasema. "Kwake nane na kumi ni mamoja."

Baba yako alikulia na vibadilishio vya namna hiyo, hakuhitaji kufundishwa. Alhamisi akafunga debe tupu la maziwa nyuma, akaondoka. Mimi nikajifanya naanika nguo ukutani, kule juu ambako hiyo kona inaonekana. Cheni ikakwaruza mara moja, ikanyamaza, na kwenye mikalitusi hakushuka. Alirudi na debe limejaa kabla ya lori, akaomba supu ya maziwa na mayai, akala bakuli mbili.

Kwa hiyo ng'ombe wapo. Nawe tafadhali, siku nyingine kabla hujanunua kipande chochote cha baiskeli niulize mimi, nitakwenda kwa Rubiela na kuhesabu kwa kidole.

Nisalimie mkeo Nelcy, na Dayana mdogo umbusu kwenye mashavu yote mawili. Custodia wa jirani anakukumbuka sana, anasema unenepe kidogo. Bikira Maria wa Chiquinquirá awatunze huko mliko, kazini na njiani.

Na Jumapili ukipiga simu, baba yako atakwambia baiskeli inapanda kama mbuzi. Wewe cheka kama siku zote, wala usimwambie nimekuandikia. Safari hii anasema kweli.

Ni mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,
Shangazi Otilia