Mtungi Uliopungua Kilo Tatu

Mpendwa mshauri wetu wa gazetini, Bi Odilia, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, kwa sababu hapa nilipo sina wa kumwambia, na barua hii nimempa Maulid, jirani yangu wa ofisi anayerudi Dar wiki hii, nimeipaka gundi mara mbili asije akaifungua njiani.

Mimi ni Mzanzibari, nina miaka thelathini na minne, nafanya biashara hapa Guangzhou, China, mwaka wa tatu sasa, nanunua jinzi Xintang na vitambaa Kangle napeleka nyumbani kwa kontena, na ofisi yangu ipo ghorofa ya tisa ya jengo moja la biashara ambalo sisi Waswahili na ndugu zetu wa Kongo tumelijaza. Kwa vile nimejifunza Kichina cha sokoni, wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wa ghorofa, na kazi ya mwakilishi ni kwamba kila mwanzo wa mwezi azunguke na msimamizi wa jengo, Bwana Liang, wakague mitungi ya kuzimia moto, taa za ngazini na jenereta la akiba lililopo chini kabisa, kisha wasaini kadi wote wawili. Sitakudanganya, hatukuzunguka hata siku moja, Liang alikuwa ananikaribisha ofisini kwake, ananimiminia chai, ananiita laoban, yaani bosi, ananisogezea kadi nami nasaini, na hata wenzangu hawakutaka tuzunguke kwa sababu kwenye ngazi za dharura tumepanga marobota yetu yanayosubiri kontena, ukaguzi wa kweli ungetunyang'anya stoo ya bure.

Basi mwezi uliopita, Jumanne mchana, umeme ukakatika jengo zima. Jenereta kimya, taa za ngazini kimya, watu wakawa wanashuka gizani wakipapasa marobota, mama mmoja wa Kikongo akaanguka akateguka mguu. Mimi nilikuwa bado juu, nipo kwenye chumba cha stoo anachotukodisha Liang hapo ghorofani, natafuta mzigo wangu kwa tochi, na umeme uliporudi ghafla nikaona kwa macho yangu waya ambao Liang aliuunga mwenyewe darini ukitoa cheche, robota la chini yake likashika moto, nami nikakimbia, nikasimama koridoni napiga kelele tu.

Aliyekuja ni Mwanakhamis. Huyu ni mama wa Kitanga anayetupikia sote chakula cha mchana kwenye chumba cha mwisho cha ghorofa, na jiko lake la gesi lilikuwa limeshazimwa, tulikwisha kula. Akauchomoa mtungi ukutani, akavuta pini, akaminya, ikatoka pumzi kidogo basi. Akautupa chini akanigeukia: "Zima swichi kubwa, Vuai, umesimama nini?" Nikazima. Yeye akachukua busati lake, akalichovya kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, akaupigapiga ule moto mpaka ukafa, na mikono yake yote miwili ikaungua mpaka viwikoni.

Sasa maofisa wa zimamoto watakuja mwezi ujao kuchukua maelezo, na Liang ameandaa karatasi inayosema mitungi ilikuwa imejaa, jenereta lilikuwa linajaribiwa kila mwezi, na moto umeanzia kwenye jiko la Mwanakhamis, anataka niisaini kama mwakilishi. Nimepandwa na hasira ambazo sijawahi kuwa nazo, mtu ameokoa ghorofa nzima halafu aitwe mchomaji, lakini nisiposaini Liang ameapa kuifunga stoo na mzigo wangu wote wa Idi umo humo ndani, na nikisaini Mwanakhamis anafukuzwa, anarudi Tanga na mikono ile na jina baya. Wenzangu nao wamenigeuka, hata Mulumba, Mkongo ninayemheshimu kama kaka, ameniambia nisaini tu, "Signe, mon frère. Mama atapata jiko kwingine, sisi kontena hatupati."

Juzi Mwanakhamis mwenyewe kaja ofisini, mikono imefungwa bandeji, hawezi kushika kalamu. Akaniambia, "Wewe ulikuwepo, mwanangu. Niandikie kama ulivyoona." Nikamwambia nitamwandikia. Karatasi ya Liang ipo mezani, na ya Mwanakhamis ipo pembeni yake, tupu.

Na kuna jambo jingine dogo, labda halihusiani. Mwezi wa nne niliishuku mizani ya wakala wetu wa kusafirisha mizigo, nikataka kuijaribu, na kwa vile mtungi ule wa koridoni umegongwa uzito wake shingoni, kilo kumi ukiwa na gesi yake, niliutia kwenye begi nikaenda kuupima kwake. Mizani ikasema kilo saba. Nikafurahi sana, nikajua mizani yake inapunguza, tangu siku hiyo mizigo yangu yote napitisha pale wala sikumwambia mtu, na mtungi nikaurudisha ukutani. Ndio huohuo aliouchomoa Mwanakhamis.

Bi Odilia, je, nikisaini ili niuokoe mzigo, kisha nikamsaidia kimyakimya nauli na matibabu, nitakuwa nimekosea sana?

Vuai, ghorofa ya tisa

*

Vuai, nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyotaka. Sasa nakugombeza.

Kwanza nikupe pole, kwa sababu Liang ni mtu mbaya na amekupata pabaya. Mtu anayeacha jenereta la jengo zima lioze, akaunga waya ovyo juu ya marobota ya watu, kisha akamtwika mzigo huo mama mpishi, huyo hana haya. Mulumba naye mwambie nimeisoma kauli yake mara mbili na imenichukiza mara zote mbili. Mama huyo amewapikia miaka yote hiyo, akawazimia na moto, na bado kwenu ni mtu wa kutafutiwa jiko kwingine.

Lakini aliyeniandikia ni wewe, kwa hiyo nirudi kwako. Hilo uliloliita jambo dogo nimelipeleka kwa shemeji yangu Alphonce, ambaye kazi yake ni kukagua vifaa vya moto na majenereta kwenye maofisi ya hapa Dar. Akaniambia hivi: "Dada, mtungi wa gesi ndivyo unavyokaguliwa. Unaupima. Ukipungua, gesi imevuja, unautoa ukutani." Umeelewa, Vuai? Mizani ya wakala ilikuwa nzima kabisa. Katika jengo lote hilo, wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuukagua ule mtungi, na ulipata jibu sahihi, kilo tatu hazipo. Ukalifurahia. Ukadhani umepata mizani ya kukupendelea, ukauning'iniza mtungi mtupu ukutani, na mwanzo wa mwezi uliofuata ukanywa chai ukasaini kwamba umejaa.

Mimi nimekasirika, na nataka ujue nimekasirika. Mwanakhamis alivuta pini akiamini saini yako. Halafu unaniuliza kama utakuwa umekosea sana. Ulishakosea sana mwezi wa nne. Unaloniuliza sasa ni kama unaweza kumtupia kosa hilo yeye, kisha umkatie tiketi. Hapana, huwezi, na mimi sikupi ruhusa.

Hiyo nauli ya kimyakimya achana nayo kabisa. Mtu akitibiwa na aliyemsingizia, huko si kutibiwa.

Fanya hivi. Karatasi ya Liang usiisaini, wala usibishane naye, mrudishie ikiwa haina saini. Kaa na Mwanakhamis, yeye aseme, wewe uandike, neno kwa neno, wala usimpambie. Ukimaliza yake, chukua karatasi nyingine uandike yako: kwamba uliuona waya ukitoa cheche, kwamba jiko lilikuwa limezimwa, kwamba jenereta hujawahi kulisikia likinguruma, kwamba mwezi wa nne uliupima mtungi ukakuta kilo saba na bado ukaendelea kusaini. Hilo la mwisho litakuunguza, najua. Ndilo litakalowafanya maofisa waamini yaliyotangulia, maana hakuna mtu anayejisingizia uzembe. Wapelekee mwenyewe, usisubiri waje.

Marobota yatoke ngazini leo, ya kwako yakiwa ya kwanza, hata kama yatalala ofisini mwako ukakosa pa kukaa. Stoo ikifungwa, na ifungwe. Idi itapita, na nyingine itakuja. Alphonce anasema pia jenereta halijaribiwi kwa kadi. Linawashwa, umeme wa jengo unakatwa kwa makusudi, na linaachwa libebe mzigo huku mtu amesimama pale akiangalia mafuta na betri. Kama utaendelea kuwa mwakilishi, simama pale. Kama huwezi, waambie wamchague mwingine.

Mwisho, nikwambie jambo ambalo pengine hukulifikiria ulipoipaka gundi bahasha yako. Gazeti hili hupandishwa ndege na wafanyabiashara wenzako kila wiki, nao hulisoma kwa sauti mahali wanapokutana kula. Kwenu wanakula kwa Mwanakhamis. Majina yote nimeyabadilisha, lako na lake na la Liang, lakini ghorofa yenu ina mama mmoja tu mwenye bandeji mikononi, na atajijua kabla hawajafika nusu ya ukurasa. Wewe una jamaa hapa mjini wa kukusomea haya kwa simu siku yanapotoka, kwa hiyo umemtangulia siku chache. Nenda ukamwambie habari ya ule mtungi wewe mwenyewe.