Bihogo Ameingia Kwenye Simu

Bukiriro, Ngara
17 Agosti 2025

Mwanangu Priscila,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, ila goti langu linanisumbua wakati wa baridi, na mama yako mdogo Generoza anakohoa, ingawa sauti ya kunigombeza haijapungua hata kidogo. Mtoto Uwase ananyonya? Msalimie mumeo Jean Paul na mama mkwe wako, waambie Pancras wa Bukiriro bado anasimama wima.

Nimeona umepiga simu sana. Sikupokea, na usikasirike. Simu yangu siku hizi si ya maongezi, ni ya kazi. Nimeingia soko la dunia. Kuna pesa inaitwa bitikoini, huioni wala huishiki, lakini iko. Ukinipigia wakati natazama bei, mstari unakatika, na huenda kuna mtu wa Ulaya anapata hasara kwa sababu ya salamu zako. Ndiyo maana naandika kwa kalamu.

Derick, yule mwenye kibanda cha kutuma pesa Rulenge, ndiye aliyeniwekea. Alinifundisha nusu saa. Nusu saa ya pili nilimfundisha mimi. Juzi bei ilitaka kushuka. Nikaitazama hivi, kimya, kama nilivyomtazama yule chui wa Burigi mwaka ule mpaka akarudi porini na aibu zake. Ikapanda. Waulize watu.

Kuhusu ng'ombe wako wa mahali, usihangaike. Bihogo yuko vizuri, ana mimba, mbavu hazionekani. Najua desturi, sikuzaliwa jana. Binti akipata mtoto wa kwanza, kwao wanapeleka ndama wa yule yule ng'ombe aliyetolewa kumuoa, ili mjukuu anywe maziwa. Marehemu baba yako aliniachia kazi hiyo na nitaifanya. Akizaa tu, ndama akiacha kunyonya, namswaga mwenyewe kwa miguu mpaka mlangoni kwa mkwe wako. Atulie.

Ni mimi baba yako mdogo,
Pancras


Nyakahura, Biharamulo
9 Septemba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Uwase ameanza kucheka. Habari za goti sikuulizi.

Jumamosi nilikwenda mnadani hapa Nyakahura kununua uzi wa cherehani. Mtoto mgongoni, mama mkwe nyuma yangu. Kwenye kamba za Bulugu, yule Msukuma mfanyabiashara wa ng'ombe, nikaona ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. Nikasema wekundu ni wengi. Nikaita, "Bihogo." Akageuza shingo.

Bulugu akasema, "Dada, mnajuana?" Nikamuuliza amemtoa wapi. Akasema kwa mzee mmoja wa Bukiriro anayechechemea, mwenye hadithi za chui, tangu mwezi wa saba. Mwezi wa saba, baba mdogo. Mwezi huo huo nilipojifungua. Ukaja kuniandikia Agosti kwamba mbavu hazionekani.

Kurudi, mama mkwe alitangulia mbele. Tulipofika nyumbani ndipo akasema, "Kumbe kwenu mnakula mahari mbichi."

Ulimuuza ng'ombe wangu akiwa na mimba ukamwingiza kwenye simu. Sisemi biashara ya namna hiyo ni mwiko. Mimi na Jean Paul tuna hisa chache za benki, tulinunua kwa simu hii hii ya kawaida. Mwaka huu zimepanda, gawio tuliezekea jiko. Kesho zikishuka tutaumia kidogo na tutalala. Kwa sababu zilikuwa za kwetu. Hatukuuza kitu cha mtu.

Tena ni mahari, siyo mahali. Mahali ni sehemu. Ulisimama kwenye harusi yangu ukapaza sauti, "Mahali imelipwa yote, mahali imelipwa yote," ukweni wakacheka mpaka wakashika matumbo, nikainamisha kichwa ndani ya shela. Angalau andika vizuri kitu ulichokiuza.

Namba yako nimeifungia. Usinipigie.

Binti yako,
Priscila


Bukiriro
5 Oktoba 2025

Priscila,

Barua yako nimeisoma nimekaa, nikasimama, nikakaa tena kwa hasira. Salamu utazikuta mwishoni nikiwa nimepoa.

Wewe wa kunifundisha mimi kusoma? Niliishia darasa la tano, na si kwamba nilishindwa. Mwalimu aliniomba mwenyewe niache kwa sababu nilikuwa namaliza maswali wenzangu wakakosa ya kujibu. Mahari, mahari, mahari. Haya, nimeandika. Umefurahi? Tangu leo kila mahali nitaandika R hata pasipotakiwa.

Na huyo Bulugu ana mdomo kuliko ng'ombe wake. Sikuuza. Nilimhamisha Bihogo kutoka zizi la miti kwenda zizi la dunia. Kule hakuna kupe, hakuna dawa ya kuogesha, hakuna kuamka alfajiri. Ni kulala na kuamka umeongezeka. Sasa hivi nikuambie, imefika bei ambayo haijawahi kufika tangu iumbwe. Redio imetangaza. Derick amekuja hapa mbio na pikipiki, anatoka jasho, "Mzee, uza sasa, uza hata nusu." Nikamwambia kijana, kaa, kunywa pombe ya rubisi. Mwanamume hauzi kitu kikiwa kinapanda. Yeye amekwisha uza vyake, anahamia Kahama kufungua duka. Woga tu.

Hisa zenu za benki ni kama kufuga konokono. Mnangoja mwaka mzima apige hatua.

Mwambie mkwe wako sileti ndama mmoja. Naleta kundi. Atafute pa kuwaweka.

Salamu kwa mtoto. Wengine baadaye.

Baba yako mdogo,
Pancras


Nyakahura
20 Oktoba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Naandika kwa kifupi, mtoto anaharisha.

Maneno yako ya kundi nilimsomea Jean Paul peke yake, lakini ukuta wetu ni wa udongo. Sasa mama mkwe kila akiona moshi wa lori barabarani anasema, "Nenda ukafungue, ni kundi la Bukiriro." Majirani wamejifunza. Wanawake kisimani wananiita Mke wa Kundi.

Uwase hajapewa jina la ukoo. Babu yake amesema mtoto ambaye kwao mama hawajaleta ndama, atangoja. Umesikia? Mjukuu wa kaka yako anaishi kama mgeni kwenye nyumba aliyozaliwa, kwa sababu wewe unangoja mstari upande.

Uza. Nunua ndama yeyote. Usinijibu hadithi.

Priscila


Bukiriro
30 Novemba 2025

Mwanangu Priscila,

Tumsifu Yesu Kristo. Mtoto amepona? Generoza ametuma dawa ya mizizi kwa Bukuru anayeleta ndizi huko, mchemshie. Mimi mzima wa mwili.

Nilikuwa nauza. Naapa nilikuwa nauza. Mkono ulikuwa kwenye simu. Kwanza mtandao ukazimika ule mwisho wa Oktoba, nchi nzima, hata mkubwa asingeweza. Uliporudi, bei ilikuwa inateremka kama mtu aliyeona nyoka. Nikaitazama vile ninavyoitazama. Safari hii haikunitazama.

Halafu ikaja radi. Radi ya ajabu, mwanangu, ilipita mlango wa mbele, ikazunguka meza, ikachagua simu yangu peke yake, ikatoka dirishani. Sahani hazikuguswa. Simu ikafa.

Nimenunua nyingine. Hii simu mpya ni jeuri. Inataka neno la siri. Neno ninalo, nililitunga mimi, naliandika, inasema sivyo. Naliandika tena, sivyo. Simu inamwambia mwenye mali kwamba hajui mali yake. Sasa imeandika kwamba imebaki mara moja tu, nikikosea inafunga kila kitu. Nimeizungushia kitambaa, nimeiweka kabatini, sitaki kuiona. Derick namba yake haipatikani. Barua pepe ya kuombea neno jipya alifungua yeye, siijui.

Wewe una kidato cha nne. Fanya kitu. Na usinijibu kwa dharau.

Baba yako mdogo,
Pancras


Nyakahura
14 Desemba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mtoto amepona, mwambie mama mdogo asante.

Na mwambie asante kwa salamu nyingine alizompa Bukuru kwa mdomo. Kwamba radi yenyewe ilikuwa mtumbwi wa kukamulia ndizi. Kwamba uliinama kuwaonyesha wakamuaji bei ya dunia, simu ikateleza ikaingia kwenye togwa, na wewe ukaamuru waendelee kukanyaga ili isijulikane.

Nimecheka, halafu nimelia kwa hasira. Hata simu ikianguka kwenye ndizi lazima iwe radi? Ungeniambia ukweli mara moja, kitu kidogo tu, ningekuwa na mahali pa kuanzia. Kila ninachokiuliza kwako kinarudi kimevaa chui.

Bihogo amezaa. Bulugu alimpeleka zizini kwake Nyarubungo badala ya kumpakia lori la Mwanza, kwa sababu ya ile mimba. Ni jike, mwekundu kama mama yake, na baka. Nilikwenda kumwona. Nilimwomba Bulugu asimuuze kwanza. Akasema, "Dada, mimi nafuga, sihifadhi." Lakini amekubali kungoja mpaka aache kunyonya.

Neno la siri ni lipi? Liandike kama lilivyo. Bila kulizungusha.

Priscila


Bukiriro
4 Januari 2026

Priscila,

Heri ya mwaka mpya kwako na wote wa hapo. Hapa mvua imetuchelewesha maharage.

Generoza sisemi naye siku ya tatu leo. Mdomo wake.

Sikutaka kukuambia neno. Siyo kwa kuficha. Ni neno langu. Mtu mzima akikaa peke yake na kitu chake anakipa jina analotaka, haihusu watu. Derick aliniambia, "Mzee, weka neno ambalo hutalisahau." Nikaweka mahari, nikaunganisha na Priscila, nikamalizia na mwaka ulioolewa. Basi. Usije ukalifanya kubwa.

Na nimeliandika sawasawa. Herufi kwa herufi, vile ulivyonifundisha kwa kiburi chako, R imesimama pale kama askari. Mara zote inakataa. Kwa hiyo ama simu ni mbovu, ama shule yako ndiyo mbovu. Chagua.

Baba yako mdogo,
Pancras


Nyakahura
11 Februari 2026

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimesoma barua yako cherehani ikiwa imesimama, na imesimama mpaka jioni.

Nilikuwa na kisirani nawe tangu Septemba, na bado ninacho. Lakini nilipoliona hilo neno nikafumba macho, nikakusikia. Siyo kwenye karatasi. Kwenye harusi yangu, umevaa koti la marehemu baba, unapaza sauti watu wakicheka, na wewe hujui wanacheka nini, unaendelea tu kwa furaha. Neno hilo ulilitunga Julai. Mimi nilikusahihisha Septemba. Wewe unalifungua kwa herufi yangu, na ulilifunga kwa herufi yako.

Nimekuandikia barua hii baada ya jambo kwisha, lakini najua utalisimulia vingine, kwa hiyo naliweka hapa lilivyokuwa. Nilikufungulia namba. Nikakupigia, nikakuambia tarakimu zikija kwenye simu yako unisomee bila kuongeza neno. Ukasoma ya kwanza, ukaanza habari ya chui, nikapiga kelele mpaka mtoto akaamka. Nikaandika mahali. Kwa L. Ile mara moja iliyobaki. Ikafunguka.

Ukauliza, "Zipo ngapi?" Nikakata simu, kwa sababu ulikuwa umekaa na watu, nilisikia vikombe. Nakuambia sasa. Kundi hakuna. Hata Bihogo mwenyewe hapatikani kwa kilichobaki. Nimeuza yote siku ile ile bila kuitazama bei, nikatembea mpaka Nyarubungo, nikamlipa Bulugu. Amenipa ndama, ameshaachishwa kunyonya. Mama yake amebaki kule. Zizi lako litabaki tupu, na maziwa ya asubuhi utaendelea kununua kama wengine. Nimeona niseme bila kuyapaka asali.

Ndama sikumleta nyumbani. Si kazi ya mwanamke kujiletea ng'ombe wa kwao, tutachekwa mara ya pili. Yuko kwa jirani yetu Frednand, karibu na kanisa. Njoo umchukue hapo, umswage wewe, uingie naye kwa mlango wa mbele mchana watu wakiona. Mama mkwe atakuuliza maswali. Umejibu mengi maishani, safari hii jibu machache.

Uje na mama mdogo. Uache simu.

Priscila


Bukiriro
26 Aprili 2026

Mwanangu Priscila,

Tumsifu Yesu Kristo. Tulifika salama jana jioni kutoka huko kwenu. Goti limevimba, Generoza analikanda huku ananisema, kwa hiyo tu wazima.

Nina hasira nawe na sitaificha. Mbele ya wakwe ulinikata kauli. Nilikuwa nawasimulia safari, ndiyo kwanza nafika kwenye mto, maji yamejaa, ndama begani, ukasema, "Baba mdogo, unatokea kwa Frednand, ni hapo tu." Wakacheka wote. Na mama mkwe wako, yule mwanamke mgumu kama jiwe la kusagia, akacheka mpaka akaniongezea pombe, akasema, "Mwacheni avuke." Kumbe ana adabu kuliko wewe.

Babu alipomnyanyua Uwase akamtaja kwa jina la ukoo, moshi wa jikoni uliniingia machoni. Jiko lenu linafuka vibaya hata baada ya kuezekwa na hisa. Mwambie Jean Paul aongeze dirisha.

Zizi bado ni tupu. Nimekwenda asubuhi na ndoo kwa mazoea ya zamani, nikakumbuka. Nimerudi nayo. Watu hapa wanauliza Bihogo yuko wapi, nimewaambia ameolewa Biharamulo. Hilo si uongo sana.

Jambo la mwisho. Mumeo aliniuliza jina la ndama kinywa changu kimejaa chakula. Nimelifikiria njia nzima. Ndama anaitwa Mahali. Kwa L. Usimsahihishe.

Baba yako mdogo,
Pancras