Siku za Wino Mwekundu

Shangazi yangu,

Tu wazima, na cherehani yangu imetengenezwa. Mwaka wa nne huu hatujapata mtoto, hivyo muuguzi akanifundisha kuhesabu siku za mzunguko wa hedhi. Zile za kushika mimba nikazizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya sebuleni.

Mama mkwe aliiona alipopita, asiulize kitu. Leo, siku ya kwanza ya wino, kafika na mabegi pamoja na wifi zangu watatu.

"Nimeona mmetutengea siku," akasema.

Mume wangu akakimbilia jikoni kucheka. Mimi nikamweleza mama ukweli, macho chini.

"Mimi nilingoja miaka saba," akaninong'oneza. Kisha akawageukia binti zake: "Bebeni mabegi, tunalala kwa mama mdogo."

Nyumba sasa kimya, na mume wangu ananiita mara ya pili. Niruhusu niishie hapa.

Mwanao