Kabula Aliponyamaza

Mjukuu wangu Pendo,

Marahaba. Hapa Mkolani tu wazima, ila goti la babu yako bado linamsumbua.

Unaniuliza ufanye nini na yule mtoto wa chekechea yako anayejitupa chini akilia kila asubuhi, maana umesikia mimi nilisifiwa kwa kunyamazisha watoto. Sifa hiyo inanitia aibu.

Nikiwa msichana nilifundisha chekechea kule Kisesa. Kabula, wa miaka minne, alikuwa akimlilia mama yake mpaka anatapika. Nikamwambia, "Ukilia, mama harudi." Alinyamaza siku hiyo hiyo, nami nikajiona fundi.

Wiki iliyofuata uji wa moto ulimmwagikia mguuni. Nilimkuta ameng'ata gauni lake, machozi yanamtiririka, sauti haitoki. Akasema, "Sijalia, mwalimu. Mama atakuja?"

Nilimmwagia maji baridi, nikampakata. Mama yake alipofika alinishukuru kwa kumfundisha mtoto ujasiri. Nikaitikia. Hata babu yako sijawahi kumwambia hili.

Huyo wako mpakate, umwambie, "Lia tu, mama atakuja."

Ni mimi bibi yako.