Chupa Zako Sasa Zimesimama, Baba

Baba,

Kabati limefika jana mchana. Nimeanza na hilo kabla hata ya salamu, utanisamehe, maana tangu liingie ndani sijatulia. Shikamoo, Baba.

Limekuja na kigari cha mizigo, kirikuu, kutoka Keko, limefungwa mablanketi, na mafundi wawili wakalipitisha mlangoni kiubavu. Limekaa kwenye korido yangu hapa Kimara, ukuta ule wa ndani ambao jua haliufikii asubuhi wala jioni. Ukuta huo haukuchaguliwa na mimi. Uliuchagua wewe. Wiki mbili baada ya kukuzika, Mama alinipa lile begi lako la mkononi, akaniambia nitoe karatasi za hospitali. Nikakuta kipande cha kalenda ya zamani. Nyuma yake ulikuwa umechora korido yangu kwa penseli: mlango wa bafuni, swichi ya taa, na katikati kabati la rafu nne pamoja na vipimo vyake. Pembeni uliandika, "Hapa pana ubaridi. Nimuulize Bupe kwanza."

Hukuniuliza. Najua kwa nini, na ndiyo maana ninakuandikia.

Pale kwetu Mtoni Kijichi kila nyumba ilikuwa na kabati la vioo sebuleni lenye vyombo vya wageni. Sisi tulikuwa na wiski. Chupa arobaini na tatu. Majirani wapya walidhani wewe ni mlevi wa kutisha, wewe uliyekunywa kifuniko kimoja Krismasi na kifuniko kimoja kila mtoto wako alipotimiza mwaka. Hawakujua kwamba ulisimama nyuma ya kaunta ya hoteli miaka thelathini na mmoja, na kwamba kila chupa ililetwa na mtu aliyekaa mbele yako akaongea, na siku ya kuondoka akakumbuka kwamba ulimsikiliza. Chini ya kila moja uliweka kikaratasi: nani, alitoka wapi, aliongea nini. Hukuzipanga kwa bei wala kwa urefu. Ulizipanga kwa jinsi zilivyokufikia.

Mama alikushonea pazia zito la kufunika vioo mchana, akilalamika kwamba leo ameishonea pombe nguo. Wewe ukacheka, ukalitundika. Ulikuwa na masharti yako. Jua lisizione, rangi ingepauka. Vile vifuko vya chumvichumvi vinavyokaa ndani ya maboksi ya viatu ulivipanga pembe za rafu, lebo zisiote ukungu masika. Kila mwezi uliinamisha chupa moja moja, ukahesabu hadi tano, ukairudisha, ili kizibo kilowe kisije kikakauka na kupasuka. Na lile kubwa kuliko yote ulilisema hata kwa wasiouliza: "Divai unailaza. Wiski unaisimamisha. Ukiilaza, inakula kizibo chake."

Mimi nilisikia hayo kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Lusajo ndiye aliyesikiliza. Mdogo wangu angekaa nawe Jumapili nzima mkifuta vumbi, akikuuliza habari za watu wa kwenye vikaratasi.

Halafu Lusajo akaanza kunywa. Chupa zako hakuzigusa, hata moja, nawe ulijua, maana ulijua kila moja imefikia wapi. Alikunywa vile vichupa vya dukani vya kuingia mfukoni. Akapoteza kazi bandarini. Akawa anaokotwa Mbagala, viatu hana. Mara mbili tulikesha naye wodini. Wewe hukumpigia kelele hata siku moja. Ulikuwa unamvua shati, unamwogesha, mtu mzima mwenye ndevu. Mpaka siku aliyosema mwenyewe, "Baba, nipeleke soba." Akakaa miezi tisa kwenye nyumba ile wanakosaidiwa watu kuacha.

Wiki moja kabla hajarudi, ukanipigia simu. "Bupe, una chumba?" Nilidhani ni cha Lusajo. Ukafika na katoni saba, kila chupa umeivisha gazeti.

"Mtoto anarudi nyumbani," ulisema. "Hawezi kukaa anaziangalia."

Nikakuuliza utamwambia nini.

"Nitamwambia nimezichoka, nimezigawa. Na wewe usimwambie. Akijua nimezitoa kwa ajili yake, ataubeba huo mzigo. Ana wa kwake wa kutosha."

Nikaahidi. Ukazipanga kwenye meza ndefu katika chumba changu cha pili. Pale Kijichi, kwenye kabati, Mama akaweka sahani.

Miaka miwili, Baba. Kila Jumamosi ulivuka jiji zima, Temeke mpaka Kimara, na goti lile bovu, kuja kuona chupa zako. Ulikuja na kitambaa chako mwenyewe. Ulifuta, ukainamisha, ukahesabu hadi tano. Ukimaliza ulikuja jikoni ukaegemea friji, ukaanza, "Leo nimemkumbuka yule mhandisi," na mimi nikawa nasema "Ehee, ehee," huku nasoma meseji za kazini. Sasa hivi ningelipa chochote kusikia ule mwisho wa habari ya mhandisi. Sikuwahi kuusikia. Sufuria iliungua, nikakukatiza.

Na ile Jumamosi.

Akina mama wa kanisani walikuwa wanakuja kwangu kwa mara ya kwanza tangu wanichague kuwa katibu wao. Nilikuwa nimepika tangu alfajiri. Wewe ukafika, ukaacha mlango wa chumba wazi, upepo upite. Mama mmoja akaelekea kunawa mikono, akachungulia, akarudi na uso umebadilika. Wakanong'ona. Hakuna aliyeniambia neno. Lakini walipoondoka nilikuja chumbani nikakukuta unafuta, unaimba kwa kunong'ona, nikakwambia, "Baba, nyumba yangu si baa."

Wewe uliyenisomesha kwa baa.

Hukukasirika. Ungekasirika ingekuwa afadhali. Ulikunja kitambaa chako mara mbili, ukasema, "Sawa, mama." Ukaanza kuzivisha magazeti. Nilisimama mlangoni nikakuangalia ukizirudisha kwenye katoni, moja moja, na sikuingia kukusaidia, na sikusema acha. Katoni ukaziacha palepale chumbani, ukakataa chai. Getini ukaniambia nifunge, kuna vibaka.

Jumamosi iliyofuata hukuja. Nikajiambia ni mvua. Jumanne ukaanguka ukiwa unavaa kiatu. Mama anasema ulikuwa na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, na ulikuwa unajaribu kusema kitu.

Tulikupeleka Tukuyu kama ulivyotaka. Kulikuwa na ukungu na ile mvua nyembamba, na Lusajo akasema, akiwa ameshika sepetu, kwamba wewe ulikuwa ukisema Tukuyu ndiko ungejenga nyumba ya chupa zako, kwa ule ubaridi, maana Dar ni jiko. Watu wakacheka kidogo huku wanalia. Mimi sikuweza kucheka. Mimi nilikuwa najua chupa ziko wapi na ziko vipi.

Sijakwambia hilo. Ulipoondoka siku ile, nilitaka katoni zisionekane kabisa. Zikagoma kuingia chini ya kitanda zikiwa zimesimama. Nikazilaza.

Siku ya arobaini tulikusanyika Kijichi. Wali ulikuwa umeshapakuliwa. Ba'mdogo Ambakisye, unamjua mdogo wako na mdomo wake, akauliza kwa sauti zile wiski za kaka zitafunguliwa lini watu wakukumbuke. Mama akasema zilishagawiwa. "Zimegawiwa wapi? Si ziko kwa Bupe. Kaka alizihamisha huyu asizione." Akamnyooshea Lusajo kidole. Lusajo akaweka sahani yake chini polepole, akatoka, na sote tukajua tunafikiria jambo moja. Mama alikaa na simu mapajani siku nzima.

Hakunywa, Baba. Nakwambia mapema usije ukahangaika. Hakunywa.

Alikuja kwangu baada ya siku tatu, mchana, hajalala, macho mekundu. Hakukaa.

"Sista, ni kweli? Baba aliniona mwizi? Alinificha chupa kama mtu anavyoficha hela?"

Nilikuwa nimeahidi. Nimevunja ahadi, nisamehe, lakini sikuweza kumwangalia vile. Nikamwambia, "Lusajo, ulipokuwa unakunywa, zile chupa zilikaa wapi?"

"Sebuleni."

"Kabati lilikuwa na kufuli?"

Akatikisa kichwa.

"Hakuzitoa ulipokuwa mlevi. Alizitoa ulipopona. Na kila Jumamosi alikuja hapa kuziangalia, miaka miwili, akikudanganya anaenda kumwona Bupe."

Alisema "kumbe" mara moja tu. Kisha akaegemea ukuta, akateleza mpaka akakaa sakafuni, akalia kama hakuwa amelia Tukuyu. Mimi nikakaa naye. Baadaye sana akasema anataka kuziona.

Nilipovuta katoni ya kwanza harufu ikatujaa puani. Vizibo viwili vilikuwa vimeoza, vimemomonyoka, wiski imelowesha katoni, magazeti yameganda kwenye lebo. Ulinionya maisha yangu yote. Lusajo akarudi nyuma hatua moja, mbili, mkono puani, akatoka. Nikasikia mlango wa mbele. Nikajua nimekupotezea chupa, na sasa nimekupotezea na mtoto.

Kumbe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza. Akaniita kupitia dirishani: "Ni zipi zilizovuja?"

Nikamwambia moja ni ya pembe nne, rangi ya kahawia, kikaratasi chake kimekuwa uji.

"Hiyo ni ya yule mama wa Kiskoti aliyefiwa na mumewe hapa Dar. Alikaa hotelini siku kumi akisubiri karatasi za kusafirisha mwili. Hakuagiza chochote baa. Alikuja kukaa tu, na Baba akawa anamfundisha kuhesabu kwa Kiswahili, ili siku ziende. Siku ya kumi alihesabu mpaka mia, bila kukosea. Akamwachia Baba chupa ya mumewe. Andika, sista."

Nikaandika. Yeye nje, mimi ndani, dirisha katikati. Ya pili akasema ni ya mhandisi, na akanipa habari yake, ila hata yeye mwisho haukumbuki. Anasema huenda hukuwahi kuumaliza. Tuliendelea hivyo, nikimwelezea kila chupa, naye akinisahihisha vikaratasi vilivyofutika. Hakuingia tena ndani. "Mie siwezi, Bupe," alisema. "Pengine sitaweza kabisa. Usinichukulie vibaya." Nikamwambia hata wewe hukumtaka aweze. Wewe ulitaka akae salama tu.

Kabla hajaondoka nikamweleza nilichokwambia siku ile, neno kwa neno. Nilitaka aniambie hukuumia. Hakuniambia. Alisema, "Litakuuma hilo. Liache liume, ila usilifiche." Ndivyo wanavyowafundisha kule soba.

Kesho yake nikaenda Keko na kile kipande cha kalenda. Fundi akauliza kama ni kabati la vyombo. Nikasema, "La wiski za marehemu baba yangu," kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyekuwa anapima sofa akageuka. Nilijisikia vizuri kwa dakika nzima. Halafu nikaingia kwenye gari nikashindwa kuwasha.

Leo asubuhi nimezipanga. Arobaini na moja zimejaa, mbili tupu. Nimeziosha, nazo ziko kwenye nafasi zao. Kwenye zile ambazo kizibo kimelegea nimezungushia plastiki shingoni. Taa ni ile isiyotoa joto. Nimekosea mpangilio wa rafu ya tatu, najua, na hakuna wa kunisogeza kwa bega aseme "toka hapo." Hicho ndicho kinachonimaliza, Baba. Si chupa. Ni ule upande wa korido ambao ungesimama wewe.

Akina mama wanakuja tena wiki ijayo. Watapita hapohapo kwenda kunawa. Sitafunika. Atakayeuliza nitamwambia baba yangu alifanya kazi gani, na aliifanya vipi.

Mama hajambo. Anakula kidogo. Lusajo amepata kibarua cha kupaka rangi Chang'ombe, anamletea mkate kila jioni hata kama upo.

Chupa hazitarudi Kijichi, hilo nakuahidi. Na kuna lingine. Lusajo ameniambia Alhamisi kikundi chao cha walioacha pombe kinaalika ndugu, mtu anasimama anajitambulisha, anasema alipokosea na anapotaka kusaidia. Anasema kila mwaka alikuwa anaandika jina lako kwenye fomu ya waalikwa kisha analikata, anaona aibu kukuita. Safari hii ameandika langu. Sijawahi kusimama mbele ya watu kwa jambo kama hili. Lakini nitakwenda. Nitasimama, niseme, "Naitwa Bupe, dada yake Lusajo," na yatakayofuata nitayasema yote.

Lala, Baba. Huko kuna ubaridi mzuri.

Mwanao,
Bupe